Ndara za Ngozi ya Kondoo za Chang'ombe, Dodoma: Kazi ya Familia Inayostahili Bei Yake

Ndara za ngozi ya kondoo zinazoshonwa kwa mkono na familia moja ya Chang'ombe, jijini Dodoma, ndizo ndara za ndani zilizo bora kuliko zote nilizowahi kuvaa, na ubora wake hautokani kwanza na mshono, ingawa mshono wenyewe ni wa kupendeza, bali unatokana na namna ngozi inavyotunzwa tangu mnyama anapochunwa. Nimezivaa kipupwe chote na kuendelea nazo mpaka joto la Oktoba, mama yangu anazo, na jirani yangu mmoja alikwenda kuzinunua baada ya kuziona mlangoni kwangu. Ninaandika tathmini hii kwa sababu wengi wanaopita mtaani pale hawajui kwamba kazi ya namna hii inafanyika Dodoma, na pia kwa sababu ndara hizo ziko za aina mbili, na mnunuzi asiyeelezwa tofauti yake anaweza kulipa fedha nyingi kwa aina isiyomfaa.

Msomaji asiyeishi katikati ya nchi huenda akadhani kwamba ndara zenye manyoya ni vazi la nchi za theluji. Dodoma iko kwenye uwanda wenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Juni mpaka Agosti upepo mkavu huvuma na joto la alfajiri hushuka hadi nyuzi 13 au 14 za Selsiasi. Nyumba nyingi zilizojengwa tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma zimewekwa vigae sakafuni, na kigae cha alfajiri ya Julai hupenyeza baridi kwenye unyayo mpaka kifundoni. Watumishi waliohamia kutoka Dar es Salaam ndio wanaoteseka zaidi, na kwa maelezo ya familia yenyewe ndio wateja wake wengi kwa sasa.

Karakana iko uani mwa nyumba ya familia. Haina bango wala kabati la vioo, na mgeni huelekezwa na majirani. Baba ndiye anayenunua na kuandaa ngozi, mama ndiye anayekata, binti mkubwa na mdogo wake wa kiume wanashona, na shangazi yao anapokea oda kwa simu na kutunza daftari la fedha. Binti amepata mafunzo ya bidhaa za ngozi Mwanza, katika kampasi ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, na ndiye aliyeleta nyumbani vipimo vya kisasa vya miguu. Lakini ujuzi wa ngozi yenyewe umetoka kwa babu, aliyekuwa akiwamba ngoma huko Chamwino. Anayejua jinsi akina mama wa Kigogo wanavyozipiga ngoma za muheme atakubali kwamba ngozi iliyoandaliwa ovyo haiwezi kustahimili hata jioni moja ya shughuli ile.

Nilimwamkia mzee na kumwomba anionyeshe kazi tangu mwanzo wake, naye hakunipeleka kwenye meza ya kushonea bali kwenye rundo la ngozi zilizotiwa chumvi. “Mwanangu, ngozi huharibikia machinjioni, si hapa,” aliniambia, akanikabidhi kipande kimoja nikiinue dhidi ya mwanga nijionee mikwaruzo ya kisu iliyobaki upande wa nyama. Mikwaruzo hiyo haionekani kirahisi ngozi ikiwa mbichi, lakini ngozi ikishavutwa na kulainishwa, kila mkwaruzo huwa mlango wa mpasuko. Kwa sababu hiyo anawalipa zaidi wachunaji wanaotumia ngumi na kidole gumba kuitenganisha ngozi na mwili badala ya kuikimbiza kwa kisu, na ngozi yenye tundu anaikataa hata akiuziwa kwa bei ya kutupa.

Jambo la pili analolisimamia kwa ukali ni muda. Ngozi ya kondoo ina mafuta mengi na huoza upesi. Katika joto la mchana wa Dodoma, ngozi iliyokunjwa ndani ya kiroba tangu asubuhi hadi jioni huwa imekwisha kuanza kuharibika, na dalili yake ya kwanza ni manyoya kuachia kwenye mashina yake. Ngozi kama hiyo inaweza kuandaliwa, kukatwa na kushonwa vizuri kabisa, na bado ndara ikaanza kunyonyoka mwezi wa kwanza, mnunuzi akamlaumu mshonaji asiye na kosa. Mzee au mwanawe hufika machinjioni Kizota alfajiri, huchagua ngozi zikiwa bado na joto la mwili, na kuzipaka chumvi hapo hapo kwa kiasi kinachokaribia nusu ya uzito wa ngozi. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye ngozi, na bakteria wanaoozesha hukosa unyevu wa kuzaliana. Ni hatua isiyohitaji mashine wala mtaji mkubwa, lakini mahali pengi hurukwa, si kwa sababu ya umaskini bali kwa kukosa wa kuisimamia.

Hapa niseme jambo linaloniuma kama mkazi wa mkoa wa wafugaji. Tumezungukwa na mifugo kuanzia Kongwa na Mpwapwa hadi Bahi na Kondoa, tuna Sheria ya Biashara ya Ngozi ya mwaka 2008 inayohusu hata uchunaji na upangaji wa madaraja, na bado ngozi za kondoo na mbuzi hutupwa au hufukiwa kwa kuwa hakuna anayezitaka, huku madukani tukinunua ndara za plastiki zilizovuka bahari. Familia moja haiwezi kumaliza tatizo hilo. Lakini kila jozi inayotoka kwenye uga ule ni ngozi ambayo isingepata mnunuzi, imepewa thamani na watu wa hapa hapa, na mimi ninaliona jambo hilo kuwa sehemu ya ubora wa bidhaa, si pambo lake.

Ngozi zikifika nyumbani hulowekwa kuondoa chumvi na uchafu, kisha hulazwa juu ya gogo la mviringo na kukwanguliwa mabaki ya nyama na mafuta kwa kisu butu chenye mipini miwili. Sehemu ya karibu na mkia ndiyo yenye kazi kubwa, kwa maana kondoo wetu wa asili huhifadhi mafuta yake mkiani, na mafuta yasipotolewa yote, ngozi hubaki na harufu nzito na dawa haiingii ndani. Baada ya kuoshwa kwa sabuni mara kadhaa, ngozi ya kubaki na manyoya huingizwa kwenye maji ya chumvi na shabu, yaani yale madini meupe yanayoyeyuka majini, huachwa humo kwa siku kadhaa ikigeuzwageuzwa, kisha huwambwa kwenye fremu ya mbao kivulini. Haianikwi juani hata siku moja, kwani jua kali huikausha upande mmoja na kuifanya ngumu kama ubao. Inapokaribia kukauka hupakwa mafuta upande wa nyama na kuvutwa huku na huku juu ya ukingo wa ubao mpaka nyuzi zake zilegee na rangi igeuke nyeupe. Kazi hii ya kuvuta ndiyo niliyoiona kuwa ngumu kuliko zote, na ndiyo inayoamua kama ndara itakuwa laini au itakunjika kwa kelele.

Kwa ngozi isiyo na manyoya, ambayo hutumika kwenye kingo na wakati mwingine kwenye sehemu yote ya juu, njia ni nyingine. Manyoya huondolewa kwa chokaa, na ngozi huandaliwa kwa magome ya miwati yanayotoka Nyanda za Juu Kusini, ambako miti hiyo imepandwa kwa miongo mingi, hasa Njombe. Miwati huipa ngozi rangi ya kahawia yenye joto, unene kidogo na uwezo mzuri wa kustahimili maji. Shabu haina uwezo huo, na hili mnunuzi hana budi kulielewa kabla ya kutoa fedha: maji yakiilowesha sana ngozi iliyoandaliwa kwa shabu, shabu hutoka pamoja na maji, na ngozi ikikauka huwa ngumu na yenye mikunjo, karibu sawa na ngozi mbichi. Ndara hizi hazifuliwi. Nilifurahi kwamba mama mwenye nyumba alinieleza hivyo mwenyewe kabla sijauliza, kwa sababu muuzaji mwenye haraka ya mauzo angenyamaza.

Sasa nizieleze aina mbili nilizozitaja. Aina ya kwanza inatokana na kondoo wetu wa asili, yule mwekundu au wa kahawia mwenye mkia mnene. Kondoo huyu si wa sufu. Ana manyoya mafupi yaliyolala, yanayofanana zaidi na ya mbuzi, na mtu aliyezoea kuona picha za ndara zenye sufu iliyofurika anaweza kudhani kwamba ameuziwa kitu duni. Ukweli ni kwamba ngozi ya kondoo wa manyoya ni madhubuti kuliko ya kondoo wa sufu. Kondoo wa sufu ana mafuta mengi katikati ya tabaka la juu na la chini la ngozi, na mafuta hayo yakiondolewa tabaka hizo huweza kuachana. Ngozi ya kondoo wa manyoya imeshikamana vizuri zaidi, ni nyembamba na haichaniki kirahisi. Ngozi za kondoo wa namna hii kutoka Ethiopia zinajulikana duniani kwa kutengenezea glavu, kazi inayodai wembamba na uimara kwa pamoja.

Aina ya pili ina bitana ya sufu. Ngozi hizo familia haizitengenezi. Huzinunua zikiwa tayari kutoka Kenya, ambako nyanda za juu zenye baridi hufugwa kondoo wa sufu kama Merino, Corriedale na Romney Marsh. Ni nzuri sana, na sitaki msomaji adhani kwamba ninazishusha. Nywele za sufu zina mawimbi madogo yanayoshikilia hewa, na hewa hiyo iliyotulia ndiyo inayozuia joto la mguu lisitoroke. Zaidi ya hayo, sufu inaweza kunyonya mvuke wa jasho unaofikia karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla mtu hajahisi kwamba imelowa, na ndiyo maana mguu ulio ndani ya sufu hukaa mkavu wakati mguu ulio ndani ya nyuzi za plastiki huvunda.

Hata hivyo, kwa mkazi wa kawaida wa Dodoma ninapendekeza aina ya kwanza bila kusita. Kipupwe chetu kina baridi ya asubuhi na usiku, lakini saa nane mchana jua huwa limekwisha kurudi, na ikifika Oktoba na Novemba mchana hupanda kupita nyuzi 30. Ndara za sufu wakati huo hukaa kabatini. Zile za kondoo wa asili nimeendelea kuzivaa, kwa sababu manyoya yake mafupi hayafungi joto kupita kiasi, na upande wa ngozi unapumua. Za sufu ningemnunulia mzee ambaye damu yake imepoa, mtu anayekaa muda mrefu bila kutembea, au ndugu anayeishi Makete, Njombe, Mbeya au Lushoto. Mama yangu anatumia za sufu, na tangu azipate hajalalamika tena kuhusu ganzi ya vidole asubuhi. Kwake sikuona sababu ya kubana matumizi.

Bei niliyoikuta ni shilingi 38,000 kwa jozi ya mtu mzima ya kondoo wa asili, shilingi 85,000 kwa ya sufu, na shilingi 25,000 kwa ya mtoto. Najua kwamba shilingi 38,000 ni fedha nyingi kwa kitu cha kuvaa ndani ya nyumba, na sitamwambia mtu yeyote kwamba ni bei rahisi. Ila ni bei inayoweza kuelezwa kipengele kwa kipengele, na nitaieleza tena nitakapofika kwenye matengenezo.

Ukataji ni eneo ambalo mama wa familia amelimiliki, na inastahili kutazamwa. Ngozi haina ubora mmoja kila mahali. Ngozi ya mgongoni, kandokando ya uti, imeshikamana na haivutiki ovyo. Ya tumboni ni nyembamba na hulegea. Ya shingoni ina mikunjo. Mama huchora sehemu ya juu ya ndara mgongoni tu, bitana huitoa ubavuni, na vipande vya tumboni huvitumia kwenye pambo la ukingo au ndara za watoto wachanga ambao hawatembei. Hukata kwa ncha ya kisu kutoka upande wa nyama, akiigusa ngozi pekee bila kuyafikia manyoya, kwa hiyo ukingo wa ndara hauonekani kama umenyolewa kwa mkasi. Mwelekeo wa manyoya pia huuzingatia: yanalala kutoka kisiginoni kwenda vidoleni, mguu unaingia bila kuyakwaruza kinyume.

Mshono ni wa sindano mbili kwa uzi mmoja. Kila tundu hupitishwa sindano zote mbili, moja kutoka juu na nyingine kutoka chini, hivyo uzi ukikatika mahali pamoja, upande wa pili unaendelea kushika na mshono haufumuki wote. Uzi hupakwa nta ya nyuki, ambayo huku kwetu haikosekani, kwani Manyoni na Kondoa ni nchi za mizinga. Nta huufanya uzi uteleze wakati wa kushona, kisha huziba tundu na kuzuia vumbi lisiusage. Niliposhika jozi yangu kwa mara ya kwanza niliutafuta mshono ulioruka au uliolegea na sikuupata, wala mpaka sasa haujatokea.

Soli ni ya ngozi ya ng'ombe wa asili iliyoandaliwa kwa miwati, na hapa ndipo nina malalamiko yangu makubwa. Kwenye sakafu ya saruji soli hiyo ni imara na tulivu. Kwenye vigae vikavu inafaa pia. Kwenye vigae vilivyolowa, hasa karibu na mlango wa bafu au jikoni baada ya kupiga deki, inateleza kwa namna ya hatari, na mtu mzima wa miaka 70 hapaswi kuivaa mahali pale. Familia inaweza kuongeza tabaka jembamba la mpira chini kwa shilingi 5,000, na mpira huo unashika vizuri, lakini hawautaji mpaka mteja auulize. Ningependa uwe sehemu ya kawaida ya ndara zote za wazee, na bei ipangwe ikiwa nao ndani. Nililisema hilo kwa binti wa familia, naye alilipokea vizuri. Bado sijajua kama wameanza kulitekeleza.

Malalamiko mengine ni madogo zaidi. Oda yangu ya pili, ambayo ilikuwa ya mama, ilichelewa kupita siku tuliyokubaliana, na hakuna aliyenipigia simu kunijulisha. Nilipokwenda ndipo nikaambiwa kwamba ngozi za sufu zilikuwa hazijafika. Kuchelewa kwa kazi ya mkono kunaeleweka, lakini ukimya hauna sababu. Vilevile rangi ya ndara ya kulia na ya kushoto katika jozi ya kondoo wa asili inaweza kutofautiana kidogo, moja ikawa nyekundu zaidi ya mwenzake, kwa kuwa mnyama mwenyewe hana rangi moja mwili mzima. Kwangu si kasoro, ila anayetaka jozi zinazofanana kabisa achague ndara zenye sehemu ya juu isiyo na manyoya.

Kuhusu ukubwa, familia huchora unyayo wa mteja kwenye karatasi, miguu yote miwili, na kupima mzunguko wa mguu sehemu pana. Mteja wa mbali hutuma picha ya mchoro pamoja na urefu kwa sentimita. Ushauri wao, ambao nimeuona kuwa wa kweli, ni kwamba ndara ikiwa mpya inapaswa kubana kidogo bila kuumiza, kwa sababu manyoya ya ndani hulala na ngozi hutanuka kulingana na mguu wa mvaaji katika wiki za mwanzo. Anayechukua ndara iliyolegea siku ya kwanza, baada ya mwezi itakuwa inamvuka. Hii ni kweli zaidi kwa za sufu, ambazo hupungua unene chini ya kisigino kuliko mahali pengine.

Utunzaji si mgumu. Vumbi la Dodoma, ambalo halina nyumba lisiyoifikia, huondolewa kwa kukung'uta na kupiga brashi. Doa hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na ndara ikaachwa ikauke yenyewe kivulini. Manyoya yaliyolala huamshwa kwa kitana cha meno mapana. Wakati wa mvua, za sufu zinapowekwa kabatini, adui ni nondo, ambao viwavi wao hula sufu. Familia hutoa majani makavu ya mwarobaini ya kuweka ndani ya ndara, nami ninaongeza kwamba zifungwe kwenye mfuko wa kitambaa, si wa nailoni, ili hewa ipite. Kuhusu harufu, jozi mpya ina harufu hafifu ya ngozi na nta inayoisha ndani ya siku chache. Harufu ya mafuta yaliyochacha, ambayo nimeikuta kwenye ngozi za kutandika zinazouzwa kandokando ya barabara kuu, hapa haipo kabisa.

Madukani kuna ndara nyingi za manyoya zinazouzwa kwa kati ya shilingi 15,000 na 30,000, nyingine zikiwa na lebo inayodai kwamba ni za kondoo. Nyingi ni za nyuzi za plastiki zilizogundishwa kwenye kitambaa. Njia ya kutambua ni rahisi: mnunuzi atenganishe manyoya kwa vidole na kutazama yanakoota. Yakiota kwenye ngozi, ni ya mnyama. Yakitoka kwenye matundu ya ufumaji, siyo. Akiruhusiwa kuchoma nyuzi mbili tatu, za mnyama zitanuka kama nywele zilizoungua na kubaki majivu yanayosagika kwa vidole, wakati za plastiki zitayeyuka na kuganda kama kishanga kigumu. Jaribio lingine, linalofaa hata kwa ngozi halisi, ni kuvuta manyoya machache kwa nguvu ya wastani. Yakitoka, ngozi ilichelewa kupata chumvi, na hata kama muuzaji ataapa, isinunuliwe. Jaribio hilo nililifanya Chang'ombe mbele ya mzee mwenyewe, tena kwenye jozi nne tofauti, na hakuna unywele uliotoka.

Lililonishawishi zaidi ya yote ni matengenezo. Ndara hizi hushonwa kwa namna ambayo soli inaweza kufumuliwa na kuwekwa nyingine bila kuiharibu sehemu ya juu, na familia hufanya kazi hiyo kwa shilingi 10,000. Bitana ya kisigino iliyolika hubadilishwa kwa bei hiyo hiyo. Jirani yangu, ambaye hutembea nazo mpaka bandani kwa kuku wake ingawa alikatazwa, amekwisha kubadilishiwa soli, na sehemu ya juu bado iko imara. Ndara ya gundi ya shilingi 20,000 ikiachia soli hutupwa jalalani. Kwa hiyo anayelinganisha bei alinganishe miaka ya kuvaa, si fedha ya siku ya kununua tu. Kwa hesabu hiyo, za Chang'ombe ndizo zinazogharimu kidogo.

Huduma ni ya utu. Mgeni hukaribishwa kiti, huulizwa ndara ni za nani na zitavaliwa wapi, na hasukumwi kununua aina ya bei kubwa. Mama wa familia ndiye aliyeniambia, kabla sijaamua, kwamba za sufu zingenichosha ikifika Septemba. Malipo ni nusu wakati wa kuagiza na nusu wakati wa kuchukua, kwa fedha taslimu au kwa simu. Wateja wa Dar es Salaam na Morogoro hutumiwa kwa basi, na gharama ya mzigo ni ya mteja.

Anayezitaka kwa ajili ya kipupwe asisubiri baridi ianze, kwa kuwa mwezi Juni oda hurundikana na watu watano hawawezi kufanya kazi haraka kuliko mikono yao inavyoruhusu. Apeleke vipimo Aprili au mapema Mei, aseme waziwazi kama sakafu yake ni ya vigae au ya saruji, aombe mpira chini ya soli kama ndani ya nyumba kuna mzee au mjamzito, na aache namba ya simu pamoja na ombi la kupigiwa endapo siku itasogezwa.